Salvador Sánchez: Bingwa wa Raundi za Mwisho

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili aliyezoea kusoma wasifu wa washairi, wanazuoni na viongozi wa kisiasa huenda akashangaa kukuta katika kurasa hizi maisha ya mwanandondi. Ndondi huchukuliwa na wengi kuwa mchezo wa mabavu, usio na la kumfunza mtu wa kalamu. Hata hivyo, wapo wanamichezo ambao maisha yao, yakisimuliwa kwa utaratibu, huzua maswali yale yale ambayo fasihi imekuwa ikiyauliza tangu jadi. Mtu hupimwa kwa kigezo gani? Je, ni kwa wingi wa miaka aliyoishi, au ni kwa aliyoyatenda katika miaka michache aliyojaliwa? Salvador Sánchez, bondia wa Meksiko aliyeaga dunia mwaka 1982 akiwa na umri wa miaka 23, ni mmoja wa watu wanaotulazimu kuuliza hivyo.

Aghalabu Sánchez hukumbukwa kwa sababu ya kifo chake cha mapema. Makala haya yanashikilia kuwa hiyo ni nusu tu ya habari yake. Sifa iliyomtofautisha na mabondia wengine ilikuwa subira. Enzi zake, pambano la kuwania taji la dunia lilikuwa la raundi 15, kila raundi ikiwa ya dakika 3. Wengi waliingia ulingoni wakiomba kazi iishe mapema. Sánchez, kinyume chao, alionekana kupata nguvu pale wenzake walipoanza kuishiwa. Alikuwa bingwa wa raundi za mwisho, na hapo ndipo uchungu wa maisha yake unapoanzia.

Kuzaliwa na Malezi

Salvador Sánchez Narváez alizaliwa tarehe 26 Januari 1959 katika mji wa Santiago Tianguistenco, ulioko kusini-magharibi mwa mji mkuu wa Meksiko. Jina Tianguistenco limetokana na Kinahuatl, mojawapo ya lugha za wenyeji waliokuwako kabla ya kuja kwa Wahispania, na maana yake ni ukingoni mwa soko. Ni mji ambao tangu kale umejulikana kwa gulio lake.

Katika Meksiko ya miaka hiyo, ndondi zilikuwa zaidi ya mchezo. Kwa vijana wengi wa tabaka la chini, ulingo ulikuwa mlango mmojawapo wa kuutorokea ukata. Fauka ya hayo, nchi hiyo ilikuwa imejijengea heshima kubwa katika uzani mwepesi. Vicente Saldívar alikuwa bingwa wa dunia wa uzani wa unyoya katika miaka ya 1960. Rubén Olivares na Carlos Zárate walitawala uzani wa bantamu katika miaka iliyofuata. Mtoto wa Meksiko aliyekuwa na mwili mdogo hakuwa na haja ya kuuonea haya. Mashujaa wake walikuwa watu wa kimo kama chake.

Sánchez aliingia katika ndondi za kulipwa mwezi Mei 1975, akiwa na miaka 16. Huo ni umri ambao kijana wa Kenya huwa angali katika madarasa ya shule ya sekondari. Hakupitia njia ndefu ya ndondi za ridhaa kama ilivyo desturi ya mabondia wengi. Shule yake ilikuwa ulingo wenyewe, na karo yake ilikuwa makonde. Alishinda mapambano yake 18 ya mwanzo, mengi yao kwa kuwaangusha wapinzani kabla ya kengele ya mwisho.

Pigo la Mazatlán

Tarehe 9 Septemba 1977, mjini Mazatlán kwenye pwani ya Bahari ya Pasifiki, Sánchez alipigana na Antonio Becerra kuwania taji la kitaifa la uzani wa bantamu, ambalo wakati huo halikuwa na mwenyewe. Pambano lilidumu raundi zote 12. Waamuzi hawakuafikiana, lakini wengi wao walimpa Becerra ushindi. Kijana wa miaka 18 ambaye hakuwahi kushindwa alirudi nyumbani mikono mitupu.

Wapo mabondia ambao kushindwa mara moja huwavunja. Wengine hutafuta visingizio kwa refa, kwa waamuzi au kwa hali ya hewa. Mwaka uliofuata, 1978, Sánchez alitoka sare na Juan Escobar mjini Los Angeles, na mtu angedhani kuwa nyota yake imeanza kufifia. Haikuwa hivyo. Alipanda hadi uzani wa unyoya, ambao kikomo chake ni pauni 126, yaani zaidi kidogo ya kilo 57. Tangu usiku ule wa Mazatlán hadi siku ya kufa kwake hakushindwa tena na mtu yeyote.

Upiganaji wake ulikuwa wa kipekee. Mtazamaji aliyemwona kwa mara ya kwanza angemdhania mtu asiye na haraka. Alikuwa na nywele nyingi za kujisokota na miguu myembamba iliyompeleka huku na huku ulingoni bila papara. Hakupenda kumvamia mpinzani. Alimwachia arushe ngumi, akaiepuka kwa kuinamisha kichwa au kwa kurudi nyuma hatua moja, kisha akaijibu kabla mwenziwe hajaurudisha mkono wake. Kila ngumi aliyorushiwa ilikuwa kwake nafasi. Hivyo, kadiri mpinzani alivyojituma ndivyo alivyojiumiza, na kufikia raundi ya kumi bondia mkali alikuwa amejimaliza kwa ukali wake mwenyewe.

Taji Lililopitia Accra

Taji la Baraza la Ndondi Duniani la uzani wa unyoya lina historia inayomgusa msomaji wa Afrika. Mwezi Septemba 1975, David Kotei wa Ghana alimshinda Rubén Olivares huko Inglewood, California, akawa Mghana wa kwanza kuwa bingwa wa dunia. Furaha ya Ghana haikudumu. Tarehe 6 Novemba 1976, Danny Lopez wa Marekani alifunga safari hadi Accra na kumnyang'anya Kotei taji hilo mbele ya watu wake.

Lopez alilishikilia taji kwa zaidi ya miaka 3. Alikuwa na ngumi nzito, na sifa yake kubwa ilikuwa kuangushwa, kuinuka na kumwangusha aliyemwangusha. Tarehe 2 Februari 1980, mjini Phoenix, Arizona, aliwekewa Sánchez, ambaye alikuwa ametimiza miaka 21 wiki moja tu iliyotangulia. Watazamaji wengi wa Marekani hawakumjua mgeni huyu.

Kilichotokea kilikuwa somo. Lopez alisonga mbele kama kawaida yake, na kila aliposonga alikutana na konde. Uso wake ulichanika na kuvimba. Alikataa kuanguka, kwani ushupavu ulikuwa ndio utu wake, lakini ushupavu pekee haukumwezesha kumpata mtu asiyekaa mahali pamoja. Katika raundi ya 13 refa aliingilia kati na kulisimamisha pambano. Sánchez alikuwa bingwa wa dunia.

Miezi michache baadaye, tarehe 21 Juni 1980, wawili hao walirudiana mjini Las Vegas. Lopez alijitahidi zaidi, ila matokeo hayakubadilika. Mara hii alihimili hadi raundi ya 14.

Kulitetea Taji

Kulipata taji ni jambo moja. Kulihifadhi ni jingine. Sánchez alilitetea mara 9 katika muda wa miezi 27, kasi ambayo mabingwa wachache wa leo wangeikubali. Ruben Castillo alimsukuma hadi raundi ya 15 mjini Tucson mwezi Aprili 1980. Patrick Ford wa Guyana alifanya vivyo hivyo mwezi Septemba mjini San Antonio, naye Juan Laporte wa Puerto Rico akafuata mwezi Desemba mjini El Paso. Wote watatu walishindwa kwa alama. Roberto Castañón wa Uhispania alisimamishwa katika raundi ya 10 mwezi Machi 1981.

Ni haki kukiri kuwa si ushindi wake wote uliokuwa wa kutisha. Baadhi ya mapambano hayo yalikuwa ya karibu, na wapo waliosema kuwa bingwa huyu hujituma tu pale anapolazimishwa. Lawama hiyo ina chembe ya ukweli. Mtu wa subira huhitaji mpinzani wa kumharakisha, na asipompata huweza kuonekana mzembe. Mpinzani wa namna hiyo alikuwa njiani.

Pambano na Wilfredo Gómez

Wilfredo Gómez wa Puerto Rico alikuwa bingwa wa uzani ulio chini kidogo ya ule wa Sánchez. Alikuwa amepigana mara 33. Pambano lake la kwanza lilikuwa sare. Mengine yote 32 aliyashinda kwa nokauti. Taji lake alikuwa amelitetea mara 13 bila mpinzani hata mmoja kufika kengele ya mwisho. Zaidi ya hayo, mwezi Oktoba 1978 alikuwa amemwangamiza Carlos Zárate, kipenzi cha Wameksiko, aliyekuwa hajawahi kushindwa. Kwa Meksiko, jeraha hilo lilikuwa bado bichi. Wengi waliobashiri walimpa Gómez nafasi kubwa zaidi, naye mwenyewe hakuficha imani yake kuwa angeshinda.

Walikutana tarehe 21 Agosti 1981 katika hoteli ya Caesars Palace, Las Vegas. Kengele ilipolia, Gómez alifululiza mbele kwa kishindo. Kabla ya dakika za mwanzo kupita, Sánchez alimpiga konde lililompeleka sakafuni. Mtu ambaye alikuwa amezoea kuwaangusha wengine aliinuka akiwa amelewa ngumi, akauona mwisho wa raundi ile kwa jasiri ya moyo tu.

Gómez alionyesha usiku huo kuwa sifa zake hazikuwa za bure. Alijikusanya, akarejea pambanoni na kuna raundi alizozitawala. Lakini mfupa wa shavu lake ulikuwa umevunjika na macho yake yakawa yanafumba kwa uvimbe. Sánchez hakuharakisha. Alingojea. Katika raundi ya 8 alimbana kwenye kamba na kummiminia ngumi hadi akaanguka, na ingawa Gómez aliinuka, refa aliona kuwa yatosha. Msiba uliompata Zárate ulikuwa umelipwa, na Meksiko nzima ikapata shujaa mpya.

Mwezi Desemba mwaka huo huo, mjini Houston, Mwingereza Pat Cowdell, aliyekuwa mshindi wa nishani ya shaba katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1976, alimpa Sánchez taabu kubwa kwa wepesi na ujanja wake. Ni katika raundi ya 15 ambapo bingwa alimwangusha, na waamuzi wakampa ushindi bila kuafikiana wote. Kwa mara nyingine, raundi ya mwisho ilikuwa yake. Mwezi Mei 1982 alimshinda Jorge García kwa alama mjini Dallas.

Kijana Kutoka Ghana

Tarehe 21 Julai 1982 Sánchez alipanda ulingoni Madison Square Garden, New York. Mpinzani aliyepangiwa, Mario Miranda wa Kolombia, hakuweza kupigana, na nafasi yake ilichukuliwa karibu na siku yenyewe na kijana kutoka Accra aliyeitwa Azumah Nelson. Mashabiki wa Marekani hawakumjua. Waliofuatilia ndondi za Afrika walimjua. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1978 mjini Edmonton, ambako Mkenya Stephen Muchoki alitwaa dhahabu, Nelson pia aliitwaa dhahabu ya uzani wa unyoya. Katika ndondi za kulipwa alikuwa amepigana mara 13 tu, na zote alishinda.

Walioketi wakitarajia usiku wa mteremko walipigwa na butwaa. Nelson hakuonyesha hofu. Alimsogelea bingwa, akabadilishana naye ngumi kwa ngumi, na hata alipoangushwa katika raundi ya 7 aliinuka akaendelea kama kwamba hakuna lililotokea. Raundi zilipita, na hakuna aliyethubutu kusema kwa yakini nani angeshinda. Hapa sasa Sánchez alikuwa amempata mtu wa kumharakisha.

Raundi ya 15 ilipoanza, wote wawili walikuwa wamepigana kwa dakika 42. Ni saa ambayo mikono huwa mizito na akili hutamani kupumzika. Sánchez aliichagua saa hiyo kupiga makonde yake bora kuliko yote ya usiku ule. Nelson alianguka, akainuka, akapigwa tena, na refa akalisimamisha pambano huku zikiwa zimesalia dakika moja na ushei. Mshindwa aliondoka na heshima iliyokaribia ile ya mshindi. Hakuna aliyejua kuwa alikuwa mtu wa mwisho kupigana na Salvador Sánchez.

Barabara ya Querétaro

Siku 22 baadaye, alfajiri ya tarehe 12 Agosti 1982, Sánchez alikuwa peke yake garini kwenye barabara kuu iunganishayo Querétaro na San Luis Potosí. Alikuwa katika kipindi cha mazoezi, kwani mwezi Septemba alitarajiwa kurudiana na Juan Laporte. Gari lake, Porsche, liligongana na lori. Alifariki papo hapo. Alikuwa na miaka 23 na miezi 6, na aliacha mjane na watoto wawili wa kiume.

Mtu huona kinaya hapa bila kukitafuta. Aliyejulikana kwa kutokuwa na haraka alifia katika gari la mbio. Aliyezoea kungoja hadi raundi ya 15 aliondolewa maishani kabla ya raundi zake nyingi kuanza. Rekodi yake ilibaki mapambano 46: ushindi 44, ambapo 32 ulikuwa kwa nokauti, sare moja na kushindwa mara moja.

Kuna jambo jingine ambalo hutajwa kwa nadra. Mwezi Novemba 1982, miezi 3 baada ya kifo chake, bondia Kim Duk-koo wa Korea Kusini aliumizwa vibaya katika raundi ya 14 ya pambano la taji la dunia mjini Las Vegas, akafa siku chache baadaye. Mwezi uliofuata Baraza la Ndondi Duniani liliamua kuwa mapambano yake ya taji yawe ya raundi 12 badala ya 15, na mashirika mengine yakafuata miaka iliyokuja.

Tuurudie wasifu wa Sánchez tukiwa na uamuzi huo akilini. Alipigana mara 10 katika mapambano ya taji la dunia, na 8 kati ya hayo yalivuka raundi ya 12. Lopez alisimamishwa katika raundi ya 13, kisha ya 14. Nelson alisimamishwa katika ya 15. Chini ya sheria mpya, ushindi huo mtatu usingepatikana jinsi ulivyopatikana. Sanaa aliyoimudu kuliko wote ilizikwa karibu pamoja naye. Wala si rahisi kuilaumu sheria hiyo. Dakika zile zile zilizompa Sánchez utukufu ndizo zilizomuua Kim. Anayezitamani raundi za mwisho kwa ajili ya uzuri wake hana budi kukumbuka gharama yake.

Waliobaki

Taji lililoachwa wazi lilitwaliwa na Laporte mwezi Septemba 1982. Mwezi Machi 1984 Wilfredo Gómez alimnyang'anya, akapata hatimaye kile ambacho Sánchez alikuwa amemnyima. Tarehe 8 Desemba 1984, mjini San Juan, nyumbani kwa Gómez, Azumah Nelson alimwangusha Gómez katika raundi ya 11. Taji lililoondoka Accra na Danny Lopez mwaka 1976 lilirejea Ghana baada ya miaka 8. Nelson aliendelea kuwa bingwa katika uzani mwingine, na leo wengi humhesabu kuwa bondia bora kuliko wote waliowahi kutoka barani Afrika. Mwezi Februari 1993 alipigana katika uwanja wa Azteca, katika nchi ya yule aliyemshinda, na akaondoka na ushindi.

Mwaka 1991 jina la Sánchez liliingizwa katika Jumba la Kimataifa la Mashujaa wa Ndondi. Gómez aliingizwa mwaka 1995, naye Nelson mwaka 2004.

Hitimisho

Wahenga hawakukosea waliposema mvumilivu hula mbivu, ingawa hawakuahidi kuwa atapewa muda wa kushiba. Sánchez alizila mbivu chache, tena kwa muda wa miaka miwili na nusu tu. Si rahisi kujua angefika wapi, na mijadala ya mashabiki kuhusu hilo haitaisha kamwe, kwa kuwa haina ushahidi wa kuimaliza. Kilicho wazi ni kile alichokiacha. Vipimo vya ukubwa wake ni wale aliowashinda. Gómez na Nelson waliendelea kuishi, wakawa mabingwa wakubwa, na kila taji walilotwaa liliiongezea uzito habari ya kijana aliyewashinda wote wawili katika muda wa miezi 11.

Kwa mintarafu ya swali tulilolianza, basi, wasifu huu unatuelekeza kwenye jibu la tahadhari. Urefu wa maisha haukuwa mikononi mwa Salvador Sánchez. Namna ya kuitumia kila raundi ilikuwa mikononi mwake, naye hakuna raundi aliyoitumia vyema kuliko ile ya mwisho aliyopewa.